"Kichwa tu hicho!" Yule wa dirishani leo kanitoa machozi

Wanajamvi, naandika mikono inatetemeka, nimetoka kumlaza mdogo wangu wodini sasa hivi. Yule bwana anayepokea wagonjwa dirishani mnamjua. Kila aliyewahi kuumwa upande huu wa Pemba keshaonja jeuri yake.

Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba. Toka jana kichwa kinamgonga, uso umemvimba, ananambia "dada, naona vimulimuli". Tumekaa foleni asubuhi mpaka adhuhuri. Nimemwambia yule bwana yote: mimba, macho, uvimbe. Hakunyanyua uso. "Kichwa tu hicho. Ameze Panadol mbili akalale."

Na kipimo cha presha kipo mezani! Mnajua kina kazi gani? Kaegemezea simu, anaangalia mpira wa jana!

Kichwa tu hicho! Mimba imepita wiki ya 20, kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, hata mkunga wa zamani asiyejua kusoma angeruka kitini. Kifafa cha mimba ndivyo kinavyobisha hodi. Presha ikifika 140 kwa 90 mjamzito haachwi aende zake, na mkojo unapimwa protini. Dakika mbili za kumfunga kile kitambaa mkononi. Mbili!

Saa kumi akazidi, anatapika, anashika chini ya mbavu. Tukakodi gari tukampeleka kwengine. Nesi wa huko kamfunga kipimo kabla hajauliza jina: 170 kwa 112. Akachomwa sindano ya magnesiamu salfeti pale pale, asije akaingia kwenye degedege. Na yule kaegemezea simu! Kwenye kipimo!

Ukwaju Mkavu: Pole sana dada. Mimi huyo huyo kanipa diklofenaki ya mgongo, ya jino na ya mafua. Ningekwenda nimebeba mguu wangu mkononi ningepewa hiyo hiyo.

Mwana wa Ngalawa: Uzi mrefu kama foleni ya boti. Kwani Panadol si dawa ya kichwa? Ulitaka apewe biriani?

Bi Karafuu: We mtoto, nyamaza. Panadol haina neno kwa mjamzito, ubaya ni kumpa bila kumpima. Kichwa kinatulia, presha inapanda kimya kimya, nyumbani wanasema kapona.

Mwanzisha uzi: Simu, Bi Karafuu! Kipimo kizima, kaegemezea simu!

Shamba la Minazi: Mie wangu ni muuzaji wa duka la dawa. Miezi minne nameza vidonge vya kichwa kila siku, nikirudi ananiongezea pakiti. Daktari ndo kaniambia: ukivimeza siku 15 na zaidi kila mwezi, dawa yenyewe inakuwa ndo inaleta kichwa. Nikaacha, siku za mwanzo nilitamani kupasua ukuta, kisha kikatulia. Yule kajenga banda la uani kwa kichwa changu.

Mwana wa Ngalawa: Bora wewe umebaki na dawa. Konda wa gari ya Konde jana kala chenji yangu mchana kweupe.

Ukwaju Mkavu: Yule mwenye kofia ya kijani? Ana elfu mbili yangu tangu Mfungo Mosi!

Bi Karafuu: Huyo kaniteremsha njia panda na kapu la muhogo, mvua inanyesha. Leo anapita saa ngapi?