Siku 60 za kisheria zimepita, kaunti imekaa kimya, na mwenye nyumba ndiye anayetishiwa kushtakiwa

Wanajamvi, nimenyamaza vya kutosha kuhusu suala la vibali vya ujenzi, na ninaandika nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Tangu Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024 zianze kutumika hapa Kenya tarehe 1 Machi 2025, sisi wenye nyumba za kawaida tumeongezewa wajibu juu ya wajibu, ilhali ofisi ya kaunti yetu inayopaswa kutujibu haijioni kuwa na wajibu wowote, hata ule ulioandikwa kwenye sheria.

Nieleweke vyema: sipingi masharti ya usalama. Kanuni zilizokuwapo awali zilikuwa za mwaka 1968, na kila aliyeona picha za jengo lililoporomoka Huruma, Nairobi, mwezi Aprili 2016, likaua makumi ya watu, anajua gharama ya kujenga bila ukaguzi. Ndiyo maana nilifuata utaratibu. Nataka kuongeza chumba na bafu kwenye sehemu ya chini ya nyumba yetu kwa ajili ya mama yangu mzazi, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi. Nilitoa nakala ya hati miliki, nikalipa kodi ya ardhi yote, nikamlipa msanifu majengo kwa ramani, nikamlipa mhandisi kwa michoro ya miundo, kisha nikailipa kaunti ada yake kabla mtu yeyote hajaifungua faili. Halafu kimya.

Na kimya hicho hata sikioni kwa macho yangu, kwa sababu maombi siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki ambao akaunti yake ni ya msanifu aliyesajiliwa. Swali likiulizwa, huenda kwake. Faili ikikwama, anayejua ni yeye, nami hubaki kumpigia simu mtu ambaye ana wateja wengine na ambaye naye hajibiwi. Mwenye ploti, anayelipa mkopo wa ujenzi huo, hana pa kuingilia.

Sasa tuisome sheria yenyewe. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kifungu cha 57, inasema kwamba anayejenga bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Hicho maafisa wetu wanakijua kwa moyo. Lakini kifungu cha 58 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini itachukuliwa kuwa imetolewa. Nilipokitaja kifungu hicho ofisini, nilijibiwa kwamba mfumo haujatoa kibali, kwa hiyo sina kibali. Jirani yangu, aliyechimba msingi baada ya siku hizo kupita, aliletewa notisi ya kusimamisha kazi na ukuta wake ukapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Idhini inayotokana na ukimya haina karatasi, na kila mlango unaofuata unadai karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi haiusajili mradi bila ramani zilizoidhinishwa. Chama cha akiba na mikopo hakiachilii awamu ya kwanza ya fedha bila kibali. Mkandarasi aliyesajiliwa, mwenye leseni ya kulinda, hawezi kuleta mafundi kwenye ploti isiyo na kibali, na akileta, ni yeye atakayekamatwa. Kwa hiyo bunge limenipa haki ambayo hakuna ofisi hata moja inayoitambua, na wakati huo huo bei ya saruji na vyuma haisubiri.

Utaambiwa ukate rufaa. Rufaa huenda kwa Kamati ya Uhusiano ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi ulipotolewa. Uamuzi upi? Afisa asipoamua lolote, siku hizo 14 zinahesabiwa kuanzia lini? Anayekataliwa kwa barua yuko pazuri kuliko sisi, kwani yeye ana kitu cha kupinga, na baada ya kamati bado anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Matokeo yake tunayaona mitaani. Watu wanamwaga zege usiku na wikendi, wakati wakaguzi hawapo, na hiyo ni namna ya ujenzi ambayo kanuni mpya zilitungwa kuizuia. Madalali nao wamejaa nje ya ofisi wakiahidi "kusukuma faili", na inasikitisha kwamba baadhi yao husema kweli.

Ninachodai si upendeleo. Mfumo unaotambua saa na dakika niliyolipa ada unaweza pia kutambua kwamba siku ya 60 imepita, na siku inayofuata utoe cheti chenye muhuri kinachosema hivyo, ambacho Mamlaka ya Ujenzi na wakopeshaji watakikubali. Mwenye nyumba apewe namba yake ya kufuatilia faili bila kumpitia mtu. Afisa anayeona ramani ina kasoro aandike kasoro hiyo ndani ya muda; nitairekebisha.

Nimeiandikia kaunti barua nikitaja kifungu cha 58 pamoja na kifungu cha 47 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka na ya haki, na nimehakikisha nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Yeyote ambaye ombi lake limepitisha siku 60 aandike hapa chini kaunti aliyomo, tarehe iliyo kwenye risiti yake ya malipo, na jibu aliloambiwa kwa mdomo. Kama kuna aliyefaulu kuisajili nyumba yake kwa idhini ya ukimya, tafadhali atueleze alionyesha hati gani.