Taa nyekundu ya joto huwaka kwenye foleni tu, na sasa cheki injini nayo imewaka: je, ni gasketi kweli?

Mama Kibaha

Habari za jioni, wakuu. Miezi miwili iliyopita nilinunua gari dogo la Kijapani la mwaka 2005, injini ya petroli ya cc 1,300, gia za automatiki, kutoka kwa mtu aliyekuwa amelitumia hapa nchini kwa miaka kadhaa. Dashibodi yake haina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na taa nyekundu inayowaka injini inapochemsha, basi. Kila siku natoka Kibaha kwenda Kariakoo.

Wiki ya tatu, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana huku AC ikifanya kazi, taa nyekundu iliwaka, na magari yalipoanza kusogea kwa kasi ikazima yenyewe. Nikalipeleka gari kwa fundi wa jirani. Alitoa thamostati, akaniambia kifaa hicho ni cha nchi za baridi na kwetu hakina kazi, akajaza maji ya bomba, tukaagana. Tangu siku hiyo taa ya bluu, ambayo zamani ilizima kabla sijaingia barabara kuu, hukaa hadi nakaribia Kibamba. Siku tano baadaye cheki injini ikawaka na haijazima mpaka leo, mafuta nayo yanakwenda kuliko mwanzo. Taa nyekundu bado huwaka nikikaa kwenye foleni. Kila wiki naongeza maji kiasi cha nusu lita, ingawa chini ya gari sioni hata tone.

Fundi sasa anasema gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku yake) imeungua na anataka shilingi 650,000 ili afungue injini. Oili yangu ni safi na moshi si mweupe. Naomba ushauri kabla sijakubali.

Shaba na Chuma

Pole, dada. Usimpe mtu yeyote ruhusa ya kufungua hedi kabla vipimo havijafanyika, kwa sababu ukisoma maelezo yako taratibu utaona kwamba una matatizo mawili au matatu yaliyorundikwa pamoja, na mojawapo umeletewa na matengenezo yenyewe.

Naanza na hilo. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Nyingi za injini ndogo za Kijapani hutumia ile inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini inabaki ya uvuguvugu barabarani, na kompyuta, ikidhani injini bado ni baridi, inaendelea kuongeza petroli. Hapo ndipo mafuta yako yanapokwenda. Kompyuta hiyo hiyo huhesabu muda ambao injini ingepaswa kupata joto, na muda ukipita bila joto kufika, huandika kosa na kuwasha taa. Nadhani ukipima kwa mashine utakuta P0128, ambayo maana yake ni kwamba joto la maji halifikii kiwango cha thamostati. Ukikuta P0117 au P0118, hapo kosa liko kwenye sensa ya joto au waya wake, nalo ni jambo jingine. Nenda kwa mtu mwenye mashine inayosomana na magari ya soko la Japani, kwa maana vile vifaa vya bei nafuu vya blututhi mara nyingi hugoma kwenye magari ya umri wa lako.

Sasa taa nyekundu. Gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likikimbia linakuambia kuhusu feni. Ukikimbia, upepo wa barabara unapita kwenye rejeta wenyewe. Ukisimama, feni ndiyo upepo wako, na AC ikiwa imewashwa kondensa yake iliyo mbele ya rejeta inaongeza joto juu ya joto. Jaribio lake halihitaji fedha: washa gari, washa AC, fungua boneti. Katika magari mengi ya aina yako feni inapaswa kuzunguka mara moja au muda mfupi baada ya hapo. Isipozunguka, fundi umeme aangalie fyuzi, kisha relei (mara nyingi relei ya honi inafanana nayo, hivyo anaweza kuzibadilisha kwa muda ili kupima), kisha aipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota ikigoma kwa umeme wa moja kwa moja, ni mbovu. Ikizunguka, tatizo liko nyuma yake, kwenye waya, relei au sensa.

Maji yanayopungua nayo yana njia yake ya kutafutwa. Injini ikiwa baridi kabisa, hufungwa pampu ya mkono mahali pa mfuniko wa rejeta, mfumo ukajazwa presha ya kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi bar 0.9 au 1.1, na ukaachwa robo saa. Mshale wa pampu hiyo ukishuka, kuna mahali panavuja, na kwa kurunzi utapaona: kwenye maungio ya mipira, kwenye rejeta, au chini ya wota pampu, ambapo mvujo mdogo huacha ukoko wa chumvi na hukaukia kwenye injini ya moto bila kudondoka. Na mfuniko wenyewe upimwe. Maji yaliyobanwa kwa presha ya takriban bar 1 juu ya ile ya hewa huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100; mfuniko uliochoka huondoa kinga hiyo yote na kuyaachia maji yatoke kama mvuke.

Gasketi ipimwe ya mwisho, kwa ile dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Gesi ya silinda ikiingia kwenye maji, dawa hugeuka njano. Ni kipimo cha dakika chache, na mtu anayedai 650,000 anaweza kukifanya kwanza.

Kijana wa Tegeta

Kwa cheki injini, toa terminali ya betri kwa dakika kumi kisha irudishe. Mimi hufanya hivyo na taa huzima.

Shaba na Chuma

Huzima, halafu hurudi, kwa sababu kilichoiwasha bado kipo. Tena utakuwa umefuta kumbukumbu ambayo fundi angeisoma. Asome kwanza, afute baadaye.

Mzee wa Kitonga

Mwanangu, mimi nimepanda mlima wa Kitonga na magari ya kila namna, na nimekuwa nikisikia habari hii ya kutoa thamostati tangu ujana wangu. Naongeza jambo moja ambalo mwenzangu hakulitaja: ziko injini ambazo thamostati yake ina vali ya pili, ile inayoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa kwenye injini ya namna hiyo, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta, na unaweza kuchemsha mlimani kwa sababu ya kile kile ulichokitoa ili usichemshe.

La pili ni usalama wako. Taa nyekundu ikiwaka, zima AC, egesha pembeni, zima injini. Kama foleni haikuruhusu kuegesha, washa hita hadi mwisho na ufungue vioo. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo. Usiguse mfuniko mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kubonyezwa kwa mkono bila kuunguza, na usimwagie maji baridi injini iliyochemsha, kwa kuwa hedi ya aluminiamu hupinda. Ujue pia kwamba maji yakipungua sana, sensa hubaki kwenye hewa na taa inaweza isiwake kabisa wakati injini inaungua. Kwa gari lisilo na mshale, kukagua maji asubuhi ndiyo mshale wako.

Mama Kibaha

Asanteni sana, na shikamoo Mzee. Jana nilipata nafasi ya kupima. Mashine ilitoa P0128 peke yake. Feni haikuzunguka AC ilipowashwa. Fundi umeme aliigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi ikaanza kuzunguka, akasema kaboni za mota zimekwisha. Tumeweka mota iliyotumika. Dawa ya bluu ilibaki bluu. Mshale wa presha ulishuka polepole, na chini ya wota pampu tumekuta ukoko kama mlivyosema.

Thamostati mpya ya 82 nimeshainunua, kwani ile ya zamani fundi wa jirani anasema aliitupa. Je, niifunge sasa au nisubiri wota pampu ipatikane wiki ijayo?

Shaba na Chuma

Subiri, ufanye vyote pamoja, kwa sababu utamwaga maji mara moja tu. Mpaka hapo kagua maji kila asubuhi na usiende safari ndefu. Siku ya kazi mwambie asukume maji safi ndani mpaka kutu iishe kutoka, kisha ajaze kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa madini (distilled). Ya kisima chenye chumvi yasikaribie gari hilo. Mfumo utolewe hewa injini ikiunguruma mfuniko ukiwa wazi, tangu ikiwa baridi, mpaka mpira wa chini upate moto na feni ijiwashe yenyewe bila AC. Ikijiwasha na kujizima mara mbili mbele ya macho yako, ndipo umlipe.