Kujifunza nahau za Kiingereza: orodha, kadi za marudio au kusikiliza?

Mwanzisha mada, Morogoro

Habari zenu, wanajamvi. Ninajiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, na sehemu inayonitia mashaka ni ile ya kuzungumza, ambayo huchukua dakika 11 hadi 14 na kupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa. Kigezo cha msamiati kinataja nahau waziwazi katika daraja la 7, ambalo ndilo ninalolihitaji. Nimeona njia tatu: kukariri orodha ya nahau pamoja na maana zake kwa Kiswahili, kutumia kadi za marudio katika programu ya Anki, au kusikiliza mazungumzo halisi na kuziokota humo. Kwa kuwa muda wangu baada ya kazi ni mfupi, ninaomba mnilinganishie njia hizi.

Mwalimu wa Kiingereza, Nakuru

Ndugu yangu, orodha ndiyo njia niliyoiona ikitumika zaidi, na ndiyo nisiyoiamini. Hapa Kenya, hadi KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, watahiniwa wengi walikaririshwa misemo ya kupamba insha, na msahihishaji aliweza kukutana na "once in a blue moon" (mara chache sana) hata pale ambapo jambo linalosimuliwa hutokea kila wiki. Kasoro ya orodha ni kwamba inatoa maana bila kuonyesha mipaka. Chukua "kick the bucket": ukiandika pembeni yake "kuaga dunia", umempotosha mwanafunzi, kwa sababu kuaga dunia ni kauli ya heshima inayofaa msibani, ilhali hiyo ya Kiingereza ni ya mzaha na iko karibu zaidi na "kukata kamba". Mtu akiitumia katika salamu za rambirambi atawaumiza wafiwa bila kukusudia.

Sarufi nayo ina mipaka yake. Mwingereza anaweza kusema "the beans were spilled" na ikaeleweka kwamba siri imefichuka, lakini akisema "the bucket was kicked", msikilizaji ataona ndoo iliyopigwa teke, wala hatafikiria kifo.

Mwanafunzi wa lugha, Mwanza

Ninakubaliana na mwalimu kuhusu orodha, ila nisingependa kadi zihukumiwe pamoja nayo. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha polepole, na Anki hufuata kanuni hiyo kwa kukurudishia kadi pale unapokaribia kuisahau. Kinachoharibu kadi ni kile tunachokiandika juu yake. Usiweke nahau upande mmoja na tafsiri upande wa pili, weka sentensi nzima yenye pengo, pamoja na dokezo la nani anazungumza na nani, kwa mfano mfanyakazi anayempigia msimamizi wake simu asubuhi: "I'm feeling a bit... today." Jibu ni "under the weather", na kadi hiyohiyo inakufundisha kwamba nahau hii ni ya ugonjwa mdogo, si ya mtu aliyelazwa hospitalini.

Mkalimani, Mombasa

Niongeze njia ambayo mwenye mada hakuitaja, nayo ni kuzipanga nahau kwa asili yake badala ya alfabeti. Utafiti wa mwanaisimu Frank Boers ulionyesha kwamba wanaojifunza Kiingereza hukumbuka vizuri zaidi semi zilizopangwa kwa picha inayozibeba. Sisi wa pwani tunaanza tukiwa mbele, maana Kiingereza kimejaa semi za mabaharia: "learn the ropes" ni kuizoea kazi mpya, kama baharia mgeni anavyopaswa kuzijua kamba za tanga, "plain sailing" ni jambo linalokwenda bila kikwazo, "rock the boat" ni kuvuruga utulivu wa kundi.

Kiswahili kisiachwe kabisa, kwa sababu "turn a blind eye" na "kufumbia macho" zinakaribiana sana, na "add insult to injury" haiko mbali na kutia msumari wa moto juu ya donda. Hatari iko pale ambapo maneno yanafanana na maana zimeachana. "Pull someone's leg" ni kumtania mtu, wala haihusiani na kuvuta miguu kwetu, ambako Mwingereza angesema "drag your feet".

Mtanzania, Manchester

Kusikiliza kunakupa kitu ambacho njia nyingine hazina, yaani kujua kipi bado kinasemwa. "It's raining cats and dogs" inafundishwa sana, lakini katika mji huu wa mvua ni nadra kuisikia. Watu husema tu "it's pouring". Ninazozisikia kazini ni kama "call it a day" (tuishie hapa kwa leo) na "touch wood" (husemwa ili bahati isigeuke). Hiyo ya pili Wamarekani husema "knock on wood", kama vile "a storm in a teacup" (zogo kubwa kwa jambo dogo) ya Uingereza ilivyo "a tempest in a teapot" kwao. IELTS inapokea Kiingereza cha pande zote mbili, hivyo hilo lisikusumbue, ila uwe mwangalifu na "to table" mikutanoni: London maana yake ni kuleta hoja ijadiliwe, Washington ni kuiweka kando.

Ukiwa na shaka, itafute nahau katika COCA, hazina ya Kiingereza cha Marekani yenye maneno zaidi ya bilioni 1, au katika BNC ya Uingereza yenye maneno milioni 100. Mifano utakayoipata itakuonyesha kama nahau hiyo inaishi magazetini au katika maongezi.

Mwanzisha mada, Morogoro

Ninawashukuru sana. Nitasikiliza kwanza, kisha nitazitengenezea kadi za sentensi zile tu nitakazozisikia zaidi ya mara moja. Mwalimu, je, zinafaa pia katika sehemu ya kuandika?

Mwalimu wa Kiingereza, Nakuru

Katika insha ya pili, ile ya maneno yasiyopungua 250, ziepuke, kwa kuwa ni maandishi rasmi. "Very expensive" inafaa pale ambapo ungetamani kuandika "cost an arm and a leg". Kama umejiandikisha kwa General Training, yaani aina ya IELTS isiyo ya kitaaluma, na ukapewa barua ya kumwandikia rafiki, nahau moja au mbili zinakubalika. Katika kuzungumza usizilundike ili kuongeza idadi, na wala usiogope kuteleza, kwa sababu maelezo ya daraja la 7 yenyewe yanakubali kwamba baadhi ya chaguo la mtahiniwa halitakaa mahali pake.