Shefu hatosheke na kazi yetu, timu inachoka. Naomba shauri

Bayaya na bandugu, naombeni shauri. Niko natumika mu atelie ya kuchapa makaratasi huku Kampemba, mu Lubumbashi, enviti za ndoa, kalandriye, bintu kama ivi. Shefu wetu anajua kazi kabisa, ata mimi ni yeye alinifundisha, lakini hakuna kintu inamutosha. Siku ya ine kliya alikuja akaona mfano ya enviti yake, akafurahi, akasaini, tukatia mu masini, njo shefu anafika na lati yake anapima anasema ku kushoto inazidi milimeta moja, tuanze upya!! Na ndoa ni siku ya posho. Sasa nani anaendaka ku ndoa na lati?

Mubaya zaidi ni bale badogo, habakati tena ata karatasi moja mbele shefu aone, na mwenye kuharibu anaficha, tunakuja kujulia kwa kliya. Shefu mwenyewe anapitishaka busiku ku kazi.

Nawaza kumuambia shefu: kliya akishasaini, hakuna kugusa tena, isipokuwa jina ao tarehe ni mbaya. Lakini ni mukubwa na eko na hasira. Nimuone peke yangu ao twende wote? Benye mulishatumika na shefu wa hivi, mulifanya aje?