Naomba ushauri: nichukue jiografia kama somo la pili chuoni?

Kijana wa Rau (Moshi)
Wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Ninaingia mwaka wa pili chuoni, somo langu kuu ni uchumi, na kufikia Ijumaa ni lazima niandikishe somo la pili. Mimi napenda jiografia. Baba anaona kuwa ni somo la kukariri majina ya milima na mito, lisiloniongezea chochote mbele ya mwajiri, naye ananisihi nichukue uhasibu. Ada anailipa kwa kahawa ya kihambani, hivyo sitaki kumjibu bila hoja.

Mchimba Mtaro (Arusha)
Marahaba, mdogo wangu. Nami nilisomea uchumi, kisha nikaingia kwenye miradi ya maji. Huku kuzunguka Mlima Meru, miamba ya volkano huyatia maji madini mengi ya floridi, ndiyo maana utakutana na watu wengi wenye meno ya kahawia. Lakini chemchemi mbili za jirani zinaweza kutofautiana sana. Gharama za bomba nilijua kuzikokotoa. Kilichonishinda ni kujua bomba lianzie chemchemi ipi na lifuate mteremko gani, nikalazimika kujifunza ukubwani yale ambayo ningeyapata chuoni kwa vipindi vichache.

Mwalimu wa Pasua (Moshi)
Naunga mkono, ila kwa sharti. Soma kwanza orodha ya kozi: kama haina usomaji wa ramani, takwimu wala mifumo ya taarifa za kijiografia (programu za kompyuta za kuchora na kuchambua ramani), mzee ana haki, chukua uhasibu. Kama zimo, mtandazie mezani ramani ya 1:50,000 ya eneo lenu (sentimita moja ni nusu kilomita ardhini), ulaze uzi wa kushonea juu ya mto ukifuata kila kona, kisha uunyooshe kwenye rula. Uzi wa sentimita 9 ni mto wa kilomita 4.5. Halafu mzungumzie kahawa yake. Anajua kuwa upande wetu wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua nyingi kuliko kaskazini, nawe utamweleza jinsi upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unavyoupanda mlima, ukapoa na kuiangusha mvua kabla ya kuvuka.

Kijana wa Rau (Moshi)
Nashukuru sana. Ramani na takwimu zimo, ila kazi za uwandani ni za wenye jiografia kama somo kuu pekee. Je, mkuu wa idara anaombeka?

Mwalimu wa Pasua (Moshi)
Anaombeka. Mwandikie barua kabla ya Ijumaa, ueleze unachotaka kupima na mahali utakapokipimia.