Mitaro ya zege au mifereji ya nyasi kwa barabara za mitaa Dar es Salaam?

Ndugu wachangiaji, hoja ninayoileta ni kwamba barabara za mitaa zinazojengwa Dar es Salaam, katika maeneo tambarare yenye mchanga, zichimbiwe mifereji mipana isiyo na kina kirefu, iliyooteshwa ukoka, badala ya mitaro ya zege, ili maji ya mvua yapungue kasi, yazame ardhini, na kuacha humo tope na mafuta ya magari.

Mtaro wa zege huhamisha mafuriko tu. Kila mtaa unaoharakisha maji yake kwenda Mto Msimbazi unawaongezea mzigo watu wa bondeni, na Desemba 2011 jiji hili lilipoteza watu zaidi ya 40 kwa mafuriko.

Wanaopinga husema kwamba nyasi zitazalisha mbu. Sikubaliani nao, kwa kuwa mfereji uliojengwa vizuri hukauka ndani ya siku mbili, ilhali kiluwiluwi huhitaji takribani wiki moja kuwa mbu. Maji hutuama zaidi katika mtaro wa zege ulioziba. Wengine huiita anasa ya matajiri. Ni kweli kwamba mfano unaotajwa sana ni wa Seattle, Marekani, ambako mtaa mmoja uliojengwa upya kwa namna hii mwaka 2001 ulipunguza maji yanayotoka humo kwa zaidi ya asilimia 95. Lakini kinachofanya kazi pale ni udongo na mizizi, na hivyo hata sisi tunavyo. Katika jimbo hilohilo la Washington, watafiti walionyesha kwamba maji ya barabarani yaliyokuwa yakiua samaki aina ya samoni hayakuwaua tena baada ya kupitishwa kwenye tabaka la udongo na mboji. Maji yetu huingia Bahari ya Hindi bila kuchujwa, na samaki wa huko tunawala.

Pingamizi lililo zito ni la takataka na tabia ya kutapisha vyoo wakati wa masika, kwani hakuna ukoka utakaosafisha kinyesi. Kwa sababu hiyo siipendekezi mifereji hii Tandale au Manzese, ambako pia nafasi ni finyu, wala kwenye miteremko mikali ya Kimara, ambako maji yatakula udongo.

Ningependa kusikia kutoka kwenu, hasa wahandisi na wenyeviti wa mitaa: nani afyeke nyasi na kuzoa tope, na fedha zake zitengwe katika fungu lipi la manispaa?