Kisa n^100, leo nimepewa pole na mama wa usafi mbele ya darasa zima!!!

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya kifodi (daladala) cha Sakina, mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe.

Yule bwana wa Jumanne asubuhi mnamjua. Simtaji. Mwenye tai moja tangu enzi za Mkapa. Leo kaandika ubaoni n^100 na 1.1^n, kauliza ipi itakuwa juu n ikienda mbali. Kiherehere changu, nikanyoosha mkono. Nikasema n^100. Jamani, kipeo MIA! Ile nyingine ni moja na kapointi! Na nilishapiga hesabu: n ikiwa 10, ya kwanza ni 1 yenye masifuri 100 nyuma yake, ya pili haifiki hata 3.

Mzee hakusema nimekosa. Angesema tu! Akavua miwani, akafungua mlango, akamwita mama aliyekuwa anadeki korido: "Mama, njoo umpe pole huyu kijana, amefiwa na akili."

Na mama akaja. Dekio linachuruzika, ndoo ya bluu mkononi, akaniangalia kwa huruma ya kweli kabisa: "Pole mwanangu."

Darasa lilicheka mpaka Mlima Meru ukasogea. Hesabu hainiumi. Kinachoniuma ni ile "pole mwanangu", kwa sauti ya msibani kabisa, na dekio linadondosha maji, to, to, to. Huyu mtu tumemkosea nini?

Chalii_Kijenge: Swali moja tu. Ulimjibu nini mama?

Mleta uzi: Nilisema asante mama. Ungemjibu nini mtu mzima?

Chalii_Kijenge: 😂😂😂 KAPOKEA RAMBIRAMBI

Ngarenaro_Juu: Uzi ufungwe, marehemu mwenyewe kashukuru.

Mwana_Kibosho: Dogo, mzee yuko sahihi. Ukipita n 1,049, kila hatua n^100 inazidishwa kwa kitu chini ya 1.1, na kinazidi kupungua. Mwenzake anazidisha 1.1 ileile, hachoki. Weka n = 10,000: yako ina tarakimu 401, yake 414. Umeachwa hapo, na hutamwona tena.

Mleta uzi: Nani anafika 10,000 wakuu?? Na mimi sikuja kuuliza jibu, nazungumzia lile dekio.

Tengeru_Ndizi: Akili ya mleta uzi inakua kama log n.

Mwana_Kibosho: Usimpe sifa. log n polepole ila inapanda bila mwisho. Yake ni O(1): ina kikomo, hata n ikue vipi haivuki.

Babu_Chaki: Hiyo O kubwa, alama ya kuonyesha kitu kinakua kwa kasi gani, aliileta mwanahisabati Mjerumani Paul Bachmann 1894, mwenzake Landau akaja kuisambaza 1909. Hakuna kati yao aliyeita mama wa usafi.

Ngarenaro_Juu: Babu nani kakuuliza

Deni_Sugu: Nyie 1.1^n mnaiona ubaoni, mimi imenibebea friji. Nilichukua mkopo wa kausha damu, laki moja, riba asilimia 10 kwa wiki, usipolipa inapanda juu ya riba. Nikasema asilimia 10 kitu gani. Wiki ya 8 nadaiwa 214,000. Walikuja saa 12 asubuhi, nimejifunga taulo, jirani anachungulia.

Mleta uzi: Pole mkuu, ila turudi kwenye mada.

Chalii_Kijenge: Naona pole sasa unazigawa mwenyewe

Pasua_Moshi: Mimi hawa kausha damu walichukua hadi jiko la gesi na maharage yakiwa juu. Sufuria wakaniachia.

Tengeru_Ndizi: Yakiwa yameiva?

Pasua_Moshi: Nusu. Ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Mwana_Kibosho: Huko Arusha mnaendekeza sana hawa watu.

Pasua_Moshi: Mimi niko Moshi wewe, soma jina.

Mleta uzi: Wakuu, kuna anayejua namna ya kubadili mkondo katikati ya muhula? Jumanne ijayo siwezi kupita ile korido, mama atanisalimia tu.

Ngarenaro_Juu: @Deni_Sugu friji ilikuwa futi ngapi? Kuna mtu Mbauda anauza moja, mlango una stika ya Simba, isije ikawa hiyo.

Deni_Sugu: NDIYO HIYO. ANAUZA BEI GANI